Mwalimu Wetu Anakwenda Kusomea Bahari

Mgeni rasmi, Dkt. Makarius Niyomwungere, mhadhiri wa sayansi ya bahari. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu:

KARIBU BUSUNZU
Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi ya Maji tunakupokea kwa heshima. Wengi wetu hatujaiona bahari, ila tumejua kinachotakiwa ili mtu akaisomee.

TULIKOTOKA
Klabu ilianzishwa na Mwalimu Esteri Ininahazwe, mwenye shahada ya biolojia. Miaka miwili iliyopita aliomba nafasi ya uzamili katika sayansi ya bahari, akakataliwa. Ufaulu wake ulitosha, lakini hakuwa na hisabati ya kidato cha sita. Hakutuficha. Aliingia darasani na barua mkononi, akasema, "Nimekosa nafasi. Naanza kusoma upya, na ninyi mtanisahihisha."

MAFANIKIO
Alifanya mtihani wa hisabati wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, siku moja na wanafunzi wake. Akapata B. Kaka yetu Polycarpe, mmoja wa wanafunzi hao, alipata A, na mwalimu alimpigia makofi mbele ya shule nzima.

Kila Jumamosi, kwa miezi kumi na minne, tulipima naye tope linalobebwa na mto Malagarasi. Vipimo hivyo vikawa msingi wa andiko lake la utafiti. Kwenye usaili wa simu aliulizwa kama amewahi kufanya kazi baharini. Akajibu, "Hapana. Nimefanya kazi mtoni, na vipimo vyote ninavyo." Mwezi uliopita alikubaliwa.

CHANGAMOTO
Anatakiwa kuripoti Oktoba, naye tangu apate B ile ndiye mwalimu wetu pekee wa hisabati. Wiki iliyopita alisema ataahirisha hadi tufanye mtihani wa taifa. Tulipiga kura, wote thelathini na mmoja, aende. Katibu wetu, Nsimire, akamwambia, "Mwalimu, ukibaki kwa sababu yetu, na sisi tutaogopa kuondoka." Akasaini fomu ya kukubali nafasi.

MAOMBI
Tunaomba utufikishie kwa wahusika ombi la mwalimu wa hisabati kabla ya Oktoba. Pia utuachie masharti ya kujiunga na idara yako, tuyabandike ukutani, wadogo zetu wayasome kabla ya kuchagua masomo. Mwalimu mpya akichelewa, tutafundishana kwa madaftari ya Mwalimu Esteri. Mtihani tutaufanya.

Mungu akufikishe salama pwani, na amtangulie Mwalimu Esteri huko aendako. Sisi tunabaki tukikokotoa.

Ni sisi,
Klabu ya Sayansi ya Maji, Busunzu, Kibondo.