Mama Epifania na Msiba wa Okestra

Tarehe 30 Juni 2016, Bi. Epifania Kemilembe atavua koti jekundu la wahudumu wa ukumbi wetu baada ya kulivaa kwa miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1989 katika chumba cha kutunzia makoti ya wateja, akapanda hadi mlango wa roshani, kisha mlango mkubwa, na kwa muda mrefu sasa amekuwa kiongozi wa wahudumu wote wa jioni. Ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu, ambao kwa kawaida hutangaza zamu na miavuli iliyosahauliwa, mwezi huu ni wake wote.

Alizaliwa Bukoba, akaja hapa Louisville, Kentucky, kumfuata mumewe, Mzee Tarcisius, aliyekuwa akisomea uhandisi. Mpango ulikuwa wakae mpaka Mzee ahitimu, kisha warudi. "Nilifunga masanduku mara tatu," husimulia mwenyewe, "na mara tatu nikayafungua kutafuta sufuria." Basi wakabaki hapa mjini, mtaa wa Beechmont. Kila anayefika mjini akijua Kiswahili, awe Mtanzania, Mrundi au Mkongo, hufikishwa kwao upesi, na haupiti muda mrefu utamwona amevaa koti jekundu. Usaili wa Mama Epifania una swali moja tu: mgeni akifika amechelewa, anahema, theluji mabegani, utamwambia nini kwanza? Anayejibu "Nitamwomba tiketi" hupewa chai na kuambiwa arudi wiki ijayo akiwa amefikiri.

Ni haki pia kusema kasoro zake. Katika miaka yote hiyo hajawahi kusikiliza muziki hadi mwisho, kwa sababu katikati hukumbuka kwamba kuna mtu ameketi penye upepo. Okestra huipima kwa salamu. Ile iliyofika ikamwinamia mlangoni aliipa alama zote kabla haijafungua kisanduku cha ala hata kimoja. Nyingine iliyopita bila kumtazama, ambayo magazeti yaliisifu sana, aliisema kwa sentensi moja: "Wanajua kupiga, ila hawakulelewa."

Lakini atakumbukwa zaidi kwa msimu wa 2014 hadi 2015, ambao wengi wetu huuita msimu wa wageni. Mwaka huo ukumbi wetu ulikubaliana na kumbi mbili nyingine, moja ya Buffalo na moja ya Columbus, kuzigawana okestra za simfoni kutoka nje. Okestra ilitua Buffalo, ikapanda mabasi hadi Columbus, ikamalizia kwetu. Menejimenti ilipanga hoteli, malori na tiketi. Mengine yote yalipangwa kwa simu, kwa Kiswahili. Buffalo alikuwepo Cosmas, mwanafunzi wa uzamivu chuoni kule Amherst, aliyekuwa akichana tiketi jioni. Columbus alikuwepo Gaudiosi, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na anayekaa kando ya Morse Road, bawabu wa mlango wa nyuma ya jukwaa. Okestra ilipofika Louisville, Mama Epifania alikuwa anajua tayari kwamba mpiga filimbi wa pili ana mafua, kwamba kiongozi wao hataki kusalimiwa kabla ya mazoezi, na kwamba vijana wa matarumbeta wanatafuta duka la viatu. Wageni walishangaa kukuta chai ya tangawizi inamsubiri mwenye mafua. Sisi hatukushangaa. Kwetu mgeni hutanguliwa na habari zake.

Aliyeshangaa, na hakufurahi, ni Bi. Charlotte, meneja mpya wa ukumbi aliyeanza kazi vuli ile. Ni mtu wa taratibu, na hilo tunalisema kwa heshima. Waligongana mwezi Oktoba. Mama Epifania aliipokea okestra ya kwanza ya msimu kama wanavyopokewa wageni kwao, kwa kisahani cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa. Mgeni huchukua mbili, tatu. Wageni wale walidhani ni peremende, wakachota kwa viganja. Usiku huo kipande cha polepole kilipigwa kwa kasi ambayo mtunzi wake hakuitarajia, onyesho likaisha mapema mno, na wasikilizaji wakasimama kwenye baridi wakisubiri magari yao.

Onyo lilitolewa kesho yake, mbele yetu. Chakula kwa wageni, marufuku. Jambo lolote nje ya taratibu, marufuku. Likitokea tena, Mama Epifania angeondoka siku hiyohiyo, na kwa kuwa alikuwa bado hajatimiza umri wa kustaafu, angeondoka bila pensheni kamili na bila hata kuagwa. Mama Epifania alisema, "Sawa, mwanangu," kwa unyenyekevu uliotutia wasiwasi sote.

Wasiwasi wetu ulikomaa mwezi Machi. Ilikuwa inakuja okestra ya mji mmoja wa Ulaya ya Mashariki, ambao siutaji kwa kuwa tunataka warudi. Jioni ya kabla ya wao kufika, Gaudiosi alipiga simu kutoka Columbus. Tulikuwa chumba cha makoti, na simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, kwa hiyo tuliyasikia yote.

"Mama, hawa watu wana msiba."

"Kwa sababu wamevaa nyeusi? Gaudiosi, okestra zote huvaa nyeusi."

"Si nyeusi tu! Mkubwa wao amesimama akasema, tunamkumbuka mpendwa wetu aliyetutoka. Akataja jina. Wamepiga kitu cha huzuni, mama, na ukumbi mzima haujapiga makofi. Wametoka kimya kama wanaotoka makaburini. Mzee mmoja, yule wa fidla kubwa kuliko mtu, amepita hapa kwangu machozi yanamtoka."

"Maskini. Amefariki lini?"

"Sasa mama, mtu analia, mimi nimuulize tarehe?"

Hapo Mama Epifania alikubali kwamba hilo kweli haliwezekani. Akaanza kuhesabu kwa sauti: masufuria, mikeka, vitenge, watu wa kwaya ya misa ya Kiswahili. Spés, Mrundi wa chumba cha makoti na rafiki yake wa miaka mingi, alimshika mkono. "Dada, na onyo lako?"

"Onyo lilikuwa la kahawa," alijibu. "Hapa kuna mtu amekufa."

"Watakufukuza."

"Basi wanifukuze. Watu wapite mlangoni kwangu na msiba wao, mimi niwaonyeshe choo kilipo na kunyamaza? Huko Bukoba wataniuliza nilijifunza nini Amerika."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Alijua fika anachoweza kupoteza. Mzee Tarcisius alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya mgongo wake, na nyumba yao iliuegemea mshahara wa koti lile jekundu. Usiku huo hakumtafuta yeyote wa kumpa ruhusa. Alitafuta maharage.

Mchana uliofuata chumba cha mazoezi cha nyuma ya jukwaa kiligeuka nyumba ya matanga. Viti vilisogezwa ukutani, mikeka ikatandikwa, wanawake wakajifunga vitenge kiunoni. Kulikuwa na wali, maharage, ndizi na chapati zilizofunikwa kwa taulo. Jean Bosco, mhudumu mwenzetu kutoka Kongo, kwa kuwa msibani wanaume hukaa nje wakiota moto, alileta jiko la mkaa na kuliweka kwenye mlango wa kushushia mizigo. Mlinzi akamwambia king'ora kitalia. "Bon, tuote nini sasa?" aliuliza Jean Bosco. Walikubaliana waizunguke taa ya tahadhari ya lori. Wanaume sita waliisimamia kwa huzuni hadi jioni.

Mabasi yakafika. Wanamuziki waliteremka wakinyoosha miguu, wakakutana na mstari wa watu wenye nyuso za majonzi, wakashikwa mkono kwa mikono miwili, mmoja baada ya mwingine, na kupewa pole kwa msiba wao mzito. Walipokea kwa adabu, kwa sababu walidhani ndiyo desturi ya Kentucky. Baadhi yao walihisi ni timu yao ya mpira imefungwa, wakatoa simu haraka kutafuta matokeo. Kisha kwaya ikaanza, sauti nne, na wote wakavua kofia.

Mama Epifania akauliza nani mkubwa wa familia. Wakatazamana, wakamsukuma mbele yule mzee wa fidla kubwa, aliyekuwa kweli mkubwa kuliko wote. Akakalishwa kwenye kiti chenye mto. Machozi bado yalikuwa yanamlengalenga, na hakuna aliyejua wakati ule kwamba yalisababishwa na jino. Spés akamwambia, "Lia tu, baba, usijikaze." Akampa chai ya moto, ambayo kwa jino lile ilizidisha kilio, nacho kilio kikawavuta akina mama watatu wa Beechmont wakamsaidia.

Ndipo mratibu wa safari wa okestra, mwanamke mpole mwenye miwani, alipomsogelea Mama Epifania na kumuuliza kwa sauti ya chini, samahani, lakini ni nani aliyefariki? Mama Epifania akataja jina alilopewa na Gaudiosi. Yule mwanamke akavua miwani yake.

"Huyo ni mtunzi wetu," alisema. "Ni kweli amefariki. Mwaka huu anatimiza miaka mia moja tangu afe."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikiwa na sinia la chapati. Mama wa tatu wa Beechmont aliacha kulia katikati ya pumzi. Mama Epifania aliiangalia mikeka, akayaangalia masufuria, kisha akauangalia mlango, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama Bi. Charlotte, aliyeshuka kutoka kwenye kikao akifuata harufu ya vitunguu.

"Epifania," alisema. "Ofisini kwangu. Sasa hivi."

Spés ndiye aliyejibu, na tunamheshimu kwa hilo mpaka leo. "Madam, msibani mtu haitwi ofisini. Kaa kwanza."

"Msiba wa nani?"

Mama Epifania ndiye aliyejitokeza, akaanza kufungua kitenge kiunoni. "Kosa ni langu," alisema. "Hawa wote niliwaita mimi. Nimetoa pole ya mtu aliyekufa kabla babu yangu hajaoa. Twende ofisini, mwanangu."

Hapo yule mzee akainuka kutoka kwenye kiti chenye mto, shavu moja limevimba, na mratibu akawa mkalimani wake. Alisema mtunzi wao alikufa katika chumba cha kupanga, wakati wa vita, na mazikoni walikuwepo wachimba kaburi na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Baadaye alijengewa sanamu. Amepewa barabara, shule na stempu. "Tumempigia muziki wake karne nzima," alisema, "lakini hajapata hata mtu mmoja wa kumpikia wali. Mimi leo ni mkubwa wa familia. Napokea pole zenu. Na naomba mwenye nyumba hii aketi nasi, maana chakula kinapoa na sisi tangu Columbus tumekula mikate mikavu."

Watu tisini waliketi kwenye mikeka kabla ukalimani haujaisha. Bi. Charlotte alibaki peke yake wima, na mtu anayebaki wima peke yake kati ya watu wanaokula huonekana kama mhudumu. Akaketi. Spés akamwekea sahani mapajani, na kwa kuwa alikuwa mwenye nyumba, naye akapewa pole na kila mtu. Alipofika wa ishirini hivi, alianza kuitikia, "Ahsante, tumeshapoa." Onyesho lilichelewa kuanza, lakini waliokuwemo ukumbini watakumbuka lilivyopigwa, na kwamba safari hii pia hakuna aliyepiga makofi, mpaka mzee alipotuashiria kutoka jukwaani kwamba sasa inatosha.

Siku ya pili yake Mama Epifania alikwenda ofisini bila kuitwa, koti limekunjwa mkononi. Bi. Charlotte alimwambia alivae, kwa sababu Buffalo walikuwa wamepiga simu. Okestra inayofuata ilikuwa imesikia habari, na ilitaka kuhakikishiwa kwamba nayo itapokewa vilevile. Ilikuwa inakuja na marehemu watatu. Tangu siku hiyo ukumbi una chumba cha kupokea wageni, una masufuria yake, na mkuu wa chumba hicho amekuwa Mama Epifania. Taratibu za chumba ziliandikwa na Bi. Charlotte mwenyewe. Ya kwanza inasema kila habari ya kifo ithibitishwe tarehe. Ya pili inasema ikishindikana, pikeni.

Mama Epifania, kwa niaba ya wote uliotuvisha koti jekundu, ahsante kwa kutulea kazini bila kutuaibisha mbele ya watu. Tunajua unakwenda kumtunza Mzee Tarcisius na kulima mchicha nyuma ya nyumba, na kwamba safari hii masanduku utayafunga kwenda Bukoba, japo kwa likizo. Mungu akupe mgongo wenye nguvu, usingizi mzito, na majirani wanaobisha hodi.

Wote mnakaribishwa kumuaga Alhamisi, baada ya zamu ya mchana. Bi. Charlotte ameomba tueleze wazi kwamba hii ni sherehe na si msiba, hivyo kusiwe na kilio. Ombi hilo alilileta mwenyewe chumba cha makoti jana, akalisoma hadi nusu, na nusu iliyobaki ikabidi Spés amsomee.

Ange, Idara ya Programu