Hadubini ya Mara Elfu Moja

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umetiwa tofali, na mwenye birika la kahawa ni mimi. Sijisifu, lakini hapa hakuna jambo lililowahi kutushinda. Jumamosi moja asubuhi alikuja Mwalimu, yule dada wa sayansi wa shule ya pale nyuma, kakumbatia maboksi mawili. Alituambia shule imekubali kununua hadubini moja tu, ya kubebeka, ile inayotoa picha kwenye simu. Duka lilimwachia mbili azijaribu, na ikifika saa sita awe amerudisha moja. Wanafunzi wake arobaini na wanane wanamaliza mwaka huu, na hawajawahi kuona seli ila ile anayowachorea ubaoni.

— Nikikosea hapa, wanaondoka hivyo hivyo, alisema. Naogopa, jamani.

Tukamwambia akae, amefika penyewe. Nikammiminia.

Wa kwanza kuvuta maboksi alikuwa fundi simu. Tunamwita Daktari, maana simu yako haitengenezi, anaifanyia upasuaji. Hadubini kwake si kitu kigeni, anayo mezani ya kukagulia matumbo ya simu. Boksi moja liliandikwa kwamba hukuza mara elfu moja, na kifaa chake kilikuwa kama tochi ndogo yenye vitaa vimezunguka mdomo. La pili liliandikwa mara mia mbili. Humo kulikuwa na kidude kifupi, kimesimama juu ya kisahani chenye taa chini yake. Daktari alikitupia jicho moja tu.

— Elfu moja kwa mia mbili, kuna mjadala hapo?

Kinyozi akatoka na taulo begani. Huyo ni Mheshimiwa, kwa jinsi anavyovihutubia vichwa vya watu. Aliichukua ile tochi akaipeleka kwenye kichwa cha mteja wake, na kweli, unywele mmoja ulijaa simu nzima kama kamba ya kufungia mzigo. Basi hapo tukapata moto. Daktari akasema kwa nguvu hizo mtoto atawaona wadudu wa malaria wakikaa kikao. Mheshimiwa akasema hilo dogo, wataona hadi mawazo, kwa sababu mawazo lazima yaache alama kwenye mzizi wa nywele, naye amenyoa watu wa kila akili. Mimi nami sikubaki nyuma. Nikawaambia kwenye machicha ya kahawa yangu mtu atasoma mwaka ilipochumwa. Sijui niliitoa wapi, ila niliisema kwa uso mkavu na hakuna aliyenipinga.

Mwalimu akaanza kutuamini. Nilimwona akikirudisha kile kifupi kwenye boksi lake na kulifunga vizuri. Saa tano ilishapita.

Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, ametoka sokoni na kapu, akaomba kahawa na pa kupumzishia miguu. Alitusikiliza kikombe kizima. Kisha akamgeukia Mwalimu.

— Mwanangu, hiyo seli, wewe mwenyewe umewahi kuiona?

Mheshimiwa ghafla akakumbuka ana nywele za kufagia.

— Hapana, mama, alisema Mwalimu. Niliisoma kwenye mchoro, naifundisha kwenye mchoro. Mwaka wa kumi na moja huu.

— Sasa utajuaje kipi kinaionyesha?

Nilijionea aibu, nasema kweli. Mwalimu aliuliza kama kapuni mna kitunguu. Kilikuwemo. Akaazima wembe mpya kwa Mheshimiwa, akabandua ule utando wa ndani, mwembamba kabisa, akaulaza kwenye kipande cha kioo na tone la maji. Ile tochi ya mara elfu moja ikatuonyesha weupe unaong'aa, basi. Daktari aliigeuza huku na huku mpaka jasho likamtoka, mwisho akakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba vitaa vile vinamulika kwa juu, vinafaa kwa vitu vigumu kama vya simu. Kitu chembamba kinataka mwanga upite kutoka chini.

Mwalimu akalifungua tena lile boksi la pili. Akaweka kioo juu ya taa, akazungusha kidogo, akatulia. Kwenye simu vikatokea vijumba virefu, mstari kwa mstari, ukuta kwa ukuta. Tulibanana vichwa pale kama watoto. Mama akacheka, akasema miaka yote hiyo anamenya vitunguu tu, hajui ndani kuna wapangaji. Mwalimu hakucheka. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Miaka kumi na moja nawachorea seli moja, peke yake, katikati ya ubao, alisema. Kumbe haziishi hivyo.

Daktari alijitolea kulirudisha boksi la mara elfu moja dukani kwa mguu, kabla ya saa sita. Mwalimu akaomba tumwache akae kidogo, bado anatazama.