Chuo Ambako Niliweza Kuuliza

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu wa jumuiya. Naona mnashangaa nimesimama. Mama mmoja pale amemnong'oneza mwenzake, "Kumbe na huyu huongea?" Nimekusikia, mama. Naongea, ila polepole, kwa hiyo mnivumilie.

Leo tunawaombea vijana wetu waliomaliza kidato cha sita, nami nimeona nitoe shukrani zangu mbele yao na wazazi wao.

Mimi ni mkimya tangu utoto. Si ugonjwa, wala si kiburi. Mtaani kwetu Izia wageni wakija nilikuwa nawaamkia shikamoo vizuri, halafu napotelea shambani nyuma ya nyumba. Darasani nilifaulu. Matokeo yalipotoka nikachaguliwa kuingia chuo kikuu kikubwa cha serikali, mbali kule pwani. Sitakitaja jina, maana hakikunikosea lolote, na wengi kimewatoa. Baba alichinja mbuzi. Watu walikuja hadi kutoka mtaa wa Kizwite. Hakuna aliyeuliza kama chuo kile kitanifaa, na mimi mwenyewe sikujua kuwa hilo ni swali.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka bila kusukumwa. Ukumbi wa mihadhara ulijaa hadi wengine wanakaa kwenye ngazi. Kwenye semina tulikaa duara, na maksi zilitolewa kwa kuchangia. Wenzangu walikuwa wanadakiana maneno kama mpira. Mimi nilikuwa na la kusema, nalipanga vizuri kichwani, lakini likifika ulimini mada imeshahama. Wakicheka, hata kama hawanicheki mimi, najikunja. Bwenini tulibanana na redio haizimwi. Nikaanza kukosa semina moja, kisha nyingine. Baadaye hata foleni ya chakula nikaikimbia. Nilikonda. Mchana kutwa nalala, nageukia ukutani, najiambia: kumbe sina akili, walinichagua kwa makosa tu.

Sasa nina shangazi. Simtaji jina, mnamjua kwa sauti. (Msicheke, yupo hapa mbele.) Miaka ile biashara ya nafaka imeshafunguliwa, kila mwenye mtaji anajinunulia na kujiuzia. Shangazi alikuwa ananunua mchele Muze, kule bondeni, anaupandisha huku kwetu, kisha anausafirisha kwa lori la watu hadi pwani. Safari moja akasema apite chuoni amsalimie mtoto wa kaka yake.

Akanikuta kitandani. Akanitazama, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, "Baba, unaumwa?"

"Hapana, shangazi."

"Wamekufanyia nini?"

"Hawajanifanyia kitu. Mimi tu ndiye siwezi."

"Huwezi masomo, au huwezi hapa?"

Sikuwahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili.

Shangazi hakungoja jibu. Alitoka, na mnavyomfahamu, aliuliza kila mtu: mlinzi, wapishi, wanafunzi, hadi mhadhiri wangu mmoja ambaye mimi sikuwahi hata kumsalimia. Mhadhiri yule, Mungu ambariki, alimsikiliza. Akamwambia kijana huyu kazi zake za kuandika ni nzuri, ila darasani haonekani. Akamwambia pia kuna chuo kingine cha serikali, kidogo, cha mambo ya kilimo, ambako wanafunzi ni wachache na sehemu kubwa ya masomo hufanyika maabara na shambani. "Msikichague kwa kuambiwa," akasema. "Nendeni mkakione."

Tukaenda. Shangazi aliliacha lori alilokuja nalo lirudi bila yeye. Hatukuanza ofisini. Alinizungusha tuone watu wanavyoishi: wanakula wapi, mtu akitaka kukaa peke yake anakaa wapi. Tukawakuta vijana wanaopalilia vitalu, wawili hapa, watatu pale, wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye matope hadi magotini, akatukaribisha. Shangazi akafungua mdomo anisemee, kama alivyonisemea tangu nazaliwa. Halafu akaufunga.

"Leo mimi bubu," akaniambia. "Muulize mwenyewe."

Nilisimama pale, nayapanga maneno kichwani. Yule mama hakuangalia saa. Hakunimalizia sentensi. Alingoja tu, jembe mkononi. Mwishowe nikauliza kwa nini ulezi wa kwetu Ufipa hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa, wakati mahindi ya karibu yake yanageuka unga.

Akasema, "Unavyoona wewe, ni kwa sababu gani?"

Ndugu zangu, nilijibu! Nikaeleza punje ilivyo ndogo, mdudu hapati pa kuingia, nikaeleza mama anavyokausha na ghala letu linavyojengwa. Akaniuliza tena, nikajibu tena. Nilipogeuka, jua limeshainama, na shangazi amekaa kwenye tuta analia.

Lakini kuhama katikati ya mwaka hakukuwezekana. Ilibidi niache nafasi yangu, nirudi nyumbani, niombe upya bila uhakika wa kupata. Nilirudi Izia na godoro langu. Mnaujua mji wetu: wengine walisema nimerogwa, wengine nimefukuzwa. Baba, ambaye naye ni mkimya, alishinda shambani siku nzima. Jioni akaniuliza, "Kule uliweza kuongea na watu?"

"Niliweza, baba."

"Basi ngoja nafasi. Hapa watu wakisema, watasema na mimi."

Mwaka ule nililima naye. Akiulizwa kilabuni habari za mwanawe msomi, alijibu, "Yupo, anajiandaa." Na nafasi ikaja. Nilisoma, nikahitimu, na leo kazi yangu ni mbegu. Bado ni mkimya. Chuo hakikunigeuza, kilinipokea.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi, aliyesema sana kwa ajili yangu na akajua pa kunyamaza. Namshukuru baba, aliyebeba aibu isiyokuwa yake. Nawashukuru mhadhiri yule na mama yule wa vitaluni, popote walipo.

Wazazi, chuo chenye jina kubwa ni kizuri kwa anayekiweza. Kabla ya kuchinja mbuzi, mwulizeni mtoto ataishije pale, na kama mnaweza nendeni mkapaone. Asipojibu upesi, mngojeni.

Na wewe kijana uliyejibanza nyuma, sikutaji wala sikuiti mbele. Tukimaliza sala nitakuwa nje, kwenye benchi la ukutani. Njoo ukae. Si lazima useme kitu.