Mto wa Manyoya ya Njiwa

Fungua dirisha, Solange. Hapana, lifunge, njiwa wale wananiingia masikioni hata nikijifunika. Basi liache nusu, uje ukae hapa miguuni pangu. Na wewe Toussaint, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri farasi wake apigiliwe viatu. Ngano imekwisha kukatwa, haitakukimbia. Vua kofia, keti. Nisikilizeni, wanangu, kwa kuwa kasisi alinipaka mafuta ya wanaokufa tangu juzi na bado sijafa, na ninyi mnatazamana mkijiuliza kwa nini mama hafi. Mimi najua kwa nini. Nitawaambia, ila kwanza mtanisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nina jambo moja la kutaka kwenu, na nisipolipata sitaondoka kitandani hapa.

Jana, Toussaint, ulimpiga Marthe Sornin kwa fimbo. Usinikatize. Nilisikia mwenyewe kupitia dirisha hili. Mwanamke wa umri wangu, ameinama kwenye Shamba la Mnara akiokota masuke yaliyoangushwa na wavunaji, jambo ambalo maskini wa Varzelles wamelifanya tangu enzi za mababu, na ambalo hata bwana wa kasri, na ukali wake wote, hakuthubutu kulikataza. Ukamkunjua aproni, ukamwaga masuke yake chini, ukawapigia mluzi njiwa wako waje wale. Nilisikia ukicheka. Nilisikia na jibu lake: "Cheka tu, Bwana Mkubwa Bourdin! Kumbe lile kasri halikuungua, lilihamia kwenu!"

Tangu jana maneno hayo yananigeuza upande huu na upande huu. Niinue kidogo, Solange. Usiuguse mto, niinue mabega tu.

Ninyi wawili mmezaliwa baada ya moto, hamkuuona ule mnara. Ulisimama katikati ya shamba lile, ndiyo maana tunaliita hivyo, na ulikuwa na matundu elfu moja na mia mbili, kila tundu na njiwa wake wawili, na njiwa hao walikuwa na cheo kutupita sisi. Bwana peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuwafuga, na hakuna mkulima aliyeruhusiwa kuua hata mmoja. Ukipanda, wanashuka kama wingu la kijivu, wanakula mbegu mbele ya macho yako, nawe unapiga makofi na kusema "Shuu, shuu," kwa adabu, maana mlinzi wa bwana anakutazama. Kile kidogo kilichoota, bwana alichukua fungu lake, kasisi akachukua zaka, mtoza kodi akachukua cha mfalme. Kisha unga tukausage kwenye kinu cha bwana, na bwana achukue tena, mkate tukauoke kwenye tanuri la bwana, na bwana achukue tena. Hata chumvi tulilazimishwa kununua ya mfalme, kwa kipimo alichokitaka yeye. Na bwana je, alilipa kodi? Hakulipa. Askofu? Wala. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wale walizidi, kwa sababu walishiba kutoka kwenye bakuli la huyo mwenye njaa, na bado hawakumjua.

Na sisi, wajinga wa Mungu, hatukumlaumu mfalme hata siku moja. Hilo ndilo mlijue, maana siku hizi vijana wanasema tuliamka asubuhi moja tukiwa na hasira. Sivyo. Tulimpenda. Kila tulipobanwa tulisema, "Laiti mfalme angejua!" Bwana akimpiga mtu, laiti mfalme angejua. Mtoza kodi akibeba sufuria ya mjane, laiti mfalme angejua. Ukaja mwaka wa mvua ya mawe iliyoilaza ngano chini, ukafuatwa na baridi ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona, mvinyo ukapasua mapipa, mkate tukaukata kwa shoka, na mwezi wa tatu likasomwa tangazo kanisani: mfalme anataka kila kijiji kimwandikie malalamiko yake. Tulilia kwa furaha. Tukaambizana, ameuliza, basi sasa atajua.

Baba yenu alisimama kanisani, Blaise wangu, na viatu vyake vya mbao vimepasuka, akamwambia mwandishi, "Andika njiwa."

Mwandishi akacheka. "Mfalme wa Ufaransa nimwandikie habari za njiwa?"

"Mwandikie. Hajui huyo. Angejua, angekuja na kombeo yeye mwenyewe."

Watu wakacheka mpaka kasisi akagonga benchi, lakini njiwa waliandikwa, kwenye mstari wa nne, baada ya chumvi. Kisha tukangoja jibu.

Nipe maji. Kidogo tu, yanatosha.

Mlikuwa na kaka, Colas. Jina lake mnalijua, kaburi lake mnalijua. Alikuwa na miaka minne, na mwezi ule wa tatu miguu yake ilikuwa imekonda kama vijiti vya kuwashia moto, hataki uji wa makapi, hataki chochote. Blaise alikwenda shambani alfajiri akarudi na njiwa chini ya shati lake. Nikampika. Marthe akaja kuomba kaa la moto, yeye ambaye mumewe, Sornin, ndiye aliyekuwa akisafisha mnara wa bwana na kulala humo kama njiwa wa elfu mbili na mia nne na moja. Alisimama hapo hapo uliposimama wewe, Toussaint, akavuta pumzi. "Wee Huguette, leo kunani humo chunguni?"

"Turnipu, mizizi mitupu," nikamwambia.

"Haya, shoga, turnipu lenye mabawa," akacheka, akachukua kaa lake, akaenda zake.

Kesho yake mlinzi alikuja na watu wawili, wakamkamata baba yenu akipura nafaka, wakampiga fimbo mbele ya mlango wa kanisa, watu wote wakitazama, kisha wakamfungia wiki tatu. Colas alikufa baba yake akiwa kifungoni. Hadithi hiyo mmenyonya nayo: Marthe alinusa, Marthe akasema, Marthe alimuua kaka yenu. Vizuri. Ishikeni hapo, tutairudia.

Jibu la mfalme halikuja. Likaja joto la mwezi wa saba, na habari kwamba huko Paris watu wamevunja gereza kubwa, na kwamba mabwana wamekodi majambazi waje wachome ngano zetu kabla hazijakatwa. Kengele ikalia. Tukatoka wote na uma za majani na mundu, wanawake kwa wanaume, tukaona vumbi kubwa kule juu ya barabara, tukajificha nyuma ya ua, na vumbi lilipofika lilikuwa kondoo wa mchinjaji wa mji wa jirani! Kondoo mia, na mzee mmoja aliyekojoa kwa hofu alipotuona. Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu. Kisha kicheko kikakatika, tukabaki tumesimama, kijiji kizima, uma mkononi, na mtu mmoja akasema polepole, "Sasa jamani, tutarudi na uma hizi hivi hivi?"

Tulikwenda kwenye kasri. Hatukutaka dhahabu, wala hatukumgusa mtu. Bwana alikuwa ameshatoroka. Tulitaka makaratasi, yale yaliyoandikwa kwamba babu wa babu yako aliahidi hiki na hiki milele. Tuliyatupa uani na mimi ndiye niliyeleta moto, kwa kaa lililotoka kwenye jiko lile pale. Na tulipokuwa tunachoma, mnajua tulipiga kelele gani? "Aishi mfalme!" Naapa kwa mafuta haya yaliyo kwenye paji la uso wangu. Tulidhani tunamtii. Moto ukapanda kwenye kasri lenyewe, mnara ukaangushwa usiku huo huo, na kwa wiki nzima hakuna aliyekula kitu isipokuwa njiwa.

Miaka miwili baadaye, wewe Toussaint ukiwa unatambaa, mwuza nyuzi alipita na habari kwamba mfalme amekamatwa barabarani akikimbilia kwa majeshi ya nje, amevaa nguo za mtumishi. Baba yenu alikuwa anachonga mpini. Aliuweka chini. Akafuta vumbi la mbao magotini. Kisha akasema, "Kwa hiyo alijua."

Basi. Alisema hilo tu. Na siku hiyo, wanangu, ndipo ufalme ulipokwisha katika nyumba hii. Yale ya Paris, ya kiti kuangushwa na ya kichwa kukatwa, yalikuwa kuzika maiti iliyokwisha kufa. Dua la kuku halimpati mwewe, wanasema. Lakini kuku akijua kwamba mwewe alisikia kila neno akaendelea kula, huyo kuku haombi tena.

Ninachoka. Usilie, Solange, utanichanganya.

Mashamba ya bwana yalipouzwa, wanakijiji tuliungana kununua, na Sornin alikuja na alichokuwa nacho, kofia mkononi, maana alikuwa amebaki hana kazi wala mnara. Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mlinda njiwa asile ngano yetu, na mkewe aliyemuua mwanangu asikanyage udongo huu." Watu wakanisikiliza, kwa sababu ya Colas. Sornin akafa kibarua. Marthe akabaki anaokota masuke. Sisi tukapata Shamba la Mnara lote, pamoja na fungu ambalo lingekuwa la Sornin, na wewe Toussaint umekua ukitembea humo kama mtoto wa kifalme, na majira ya kuchipua yaliyopita umejenga juu ya banda lako kijumba cha njiwa, ukasema ni matundu ishirini tu. Na mtoto wa yule bwana, aliyerudi kutoka ukimbizini na nywele zilizopakwa unga kama mabwana wa zamani, anapita na gari lake anakuambia, "Njiwa wazuri, Bwana Bourdin," nawe unainama. Nimekuona ukiinama, mwanangu. Mgongo wa baba yako ulikuwa na alama sita za fimbo, na haukuinama namna hiyo.

Sasa sogeeni karibu. Sauti yangu inaondoka.

Marthe hakusema.

Mnasikia? Hakusema. Bibi yangu alinifundisha, kama wote wa Varzelles tulivyofundishwa, kwamba aliyelalia manyoya ya njiwa hawezi kufa mpaka yaondolewe chini ya kichwa chake. Kwa hiyo nilipomnyonyoa njiwa yule sikuyachoma manyoya kama Blaise alivyoniagiza. Niliyashona ndani ya mto wa Colas, ili asife. Mlinzi alikuwa anakagua kila nyumba, maana alikuta damu mtaroni. Humu hakuona kitu, si chunguni, si majivuni. Alikuwa ameshafika mlangoni, wanangu, mguu mmoja nje, Colas akageuza kichwa, na unyoya mmoja wa kijivu ukatoka kwenye mshono wangu mbaya, ukapanda juu, ukashuka polepole mbele ya pua yake. Ni mimi niliyempeleka baba yenu kwenye fimbo. Na mtoto alikaa siku tatu katika mateso juu ya mto ule, hafi wala haponi, mpaka mama mkwe wangu aliponisukuma akauvuta, akasema, "Mwachie aende, wewe mkatili!" Blaise alipotoka kifungoni akauliza, "Nani amenisema?" nami nikasema, Marthe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukia yeye kuliko kujitazama mwenyewe, na uongo ule ndio uliotupa shamba.

Mto wenyewe ndio huu ninaoulalia. Sasa mnajua kwa nini sifi.

Kwa hiyo sikilizeni amri yangu. Nusu ya Shamba la Mnara, upande wa kijito, ni ya Marthe na wajukuu wake. Mwandishi aitwe leo, si kesho. Nusu inayobaki mgawane sawasawa, Solange asipunjwe kwa kuwa ni mwanamke. Masuke ya wavunaji ni ya maskini, na fimbo isionekane shambani mwetu. Na kile kijumba juu ya banda, Toussaint, kishushe. Unasema ni matundu ishirini. Hata ule mnara wa bwana ulianza na tundu moja. Mtu akiona ndege wake wanakula jasho la jirani naye anacheka, huyo ameshakuwa bwana, na mabwana tunajua walivyokwisha.

Usinijibu kwa mdomo. Nataka kusikia shoka.

Ameondoka? Amekasirika, Solange? Nenda basi, kamwite Marthe, mwambie Huguette anamwomba... anamwomba, sema hivyo hivyo...

Ni nani hapo? Sioni vizuri. Ni wewe, Marthe? Mkono wako umevimba. Ni mwanangu huyo aliyekupiga, lakini fimbo nilimkatia mimi, zamani sana. Nilisema uongo, Marthe. Hukunisema. Ni manyoya, niliyashona kwenye...

Nini? Inama, rudia.

Ulijua? Siku ile ya kaa la moto uliniona nikishona? Na hukusema, miaka yote hii, hata mbele ya watu wote wale?

Ndiyo. Nani angemwamini mke wa mlinda njiwa. Ndiyo, shoga. Turnipu lenye mabawa.

Nyamazeni. Sikilizeni. Hilo... hilo ni shoka au ni moyo wangu? Ni shoka, eeh? Mbao zinaanguka. Toussaint wangu. Mwambieni baraka ya baba yake iko juu yake kuanzia sasa, si kabla. Solange, Mungu akupe mkate usiookwa kwenye tanuri la mtu. Watoto wenu wasimwinamie mtu, wala mtu asiwainamie. Haya. Marthe, si Solange, Marthe. Weka mkono wako chini ya kichwa changu, uuvute huu mto. Polepole... usiupasue.

Wameruka wote. Siwasikii tena.