Jina Nililoliruka Kwenye Orodha

Assalamu alaikum. Mwenyekiti ameniomba niseme Kiswahili leo, maana kuna walimu na wauguzi hapa wametoka mbali na Kisomali hawakijui. Kiswahili changu nimekiokota sokoni, mtanivumilia. Nyinyi akina mama mlioketi kule nyuma, nikikosea chekeni mapema, kwa sababu mbele huko hakuna la kuchekesha.

Wengi hapa Garissa mnanijua kwa maziwa ya ngamia ninayouza. Zamani sikukaa hapa. Nilikuwa kituo kidogo upande wa Bura, nafundisha chekechea. Wakfu wetu huu wa jamii ndipo ulipokuwa unaanza. Mnakumbuka ulivyokuwa: mwenye duka anatoa unga, muuza nyama anatoa alichojaliwa, walimu wanachanga, jamaa zetu walioko nje wanatuma. Vyote vinakusanywa hapa, halafu lori linapelekwa kule ambako ukame umebana. Ila watu wa wakfu hawakuweza kujua kila kibanda cha kila kituo. Kwa hiyo wakaomba kila mahali pachaguliwe mtu wa kuandika familia zenye shida zaidi. Kwetu nikachaguliwa mimi. Mwalimu, anajua kuandika, anaswali, hana maneno. Ndivyo walivyosema.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya Mungu. Kulikuwa na mjane mmoja pale ambaye nilimjua kuliko wote. Alikuwa mke wa kaka yangu.

Kaka yangu aliugua muda mfupi akafa. Wageni wetu mfahamu kwamba kwetu mume akifa, ndugu yake anaweza kumwoa mjane, ili watoto wabaki nyumbani. Wazee walikwenda wakamwambia. Akawasikiliza kwa heshima, akawapa chai, akasema, "Nilimpenda mmoja, naye amekwenda. Niacheni nilee watoto wangu." Basi. Hakutukana mtu. Lakini mama yangu alilia siku tatu, na mimi, dada wa marehemu, nikaona mwanamke huyu ametupa mkono wetu. Nikaacha kumsalimia. Watoto wake wawili wa kike, damu ya kaka yangu, nikawa nawapita njiani kama sijawaona.

Siku ya kuandika nilikaa na daftari nikaenda kibanda kwa kibanda akilini mwangu. Nilipofika kwake kalamu ikasimama. Mbuzi wake walikuwa wamekufa wote, hilo nilijua. Nikajiambia, yeye kwao ni Bute, ana ndugu huko Wajir, watamsaidia. Bute ni mbali jamani! Nilijua pia kwamba hana hata nauli ya kufika Bura. Nikaruka, nikaandika jirani yake.

Lori lilikuja na maji, unga na maharage. Nilisimama juu ya jiwe nikasoma majina. Alikuwepo. Alisimama na madumu mawili na binti yake mkubwa pembeni, akasubiri mpaka jina la mwisho. Nikafunga daftari. Nilimwona akiinua madumu yale matupu akaondoka. Lori la pili, hivyo hivyo. La tatu hakuja.

Nikasikia amehama. Wengine walisema amekwenda kwao, na mimi nikafurahi, astaghfirullah, nikasema unaona, si nilijua ana watu?

Miaka ikapita. Nilihamia hapa mjini nikaanza biashara ya maziwa, na wakfu ukaniweka kwenye kamati. Watu wakaniita mama wa sadaka. Mwaka jana, mchana mmoja sokoni, msichana mrefu akasimama mbele ya meza yangu. Nilimtambua kabla hajasema neno, maana alikuwa na paji la uso la kaka yangu.

"Eeddo," akaniita. Eeddo ni shangazi, dada wa baba. "Mama alinikataza nisije kwako. Lakini nimemaliza kidato cha nne, nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, na kitambulisho nimenyimwa. Wanataka mtu wa upande wa baba aseme mimi ni nani."

Nilifunga maziwa yangu nikaenda naye ofisi ya vitambulisho siku hiyo hiyo. Nilidhani ni jambo dogo. Afisa aliweka vidole vya msichana kwenye mashine, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu ni mkimbizi. Amesajiliwa Dagahaley."

"Hapana," nikasema. "Baba yake kazaliwa hapa, kazikwa hapa."

"Mama, vidole havidanganyi. Aliandikishwa kambini akiwa mtoto." Kisha akamgeukia msichana, kwa upole kabisa. "Kwa nini mama yako aliwapeleka kambini?"

"Sijui," akasema. "Hajawahi kuniambia."

Mimi nilijua. Pale pale nilipiga hesabu ya miaka nikajua. Mwanamke yule hakwenda Bute. Alitembea na watoto hadi kambini, akasema ametoka ng'ambo ya mpaka, kwa sababu kule mwenye kadi anapata mgao wa chakula. Aliuza uraia wa watoto wake kwa unga. Hapana, nimesema vibaya. Aliyeuza ni mimi. Na bado mbele ya yule afisa nilinyamaza. Nikasema tutarudi. Msichana akanishukuru, akanibusu mkono. Wallahi, mkono ule niliuosha na kuuosha.

Wiki ile ile kamati ilikaa kwa ajili ya orodha mpya. Mwenyekiti akanisukumia daftari kama kawaida. Nikashindwa kulishika. Akauliza, "Unaumwa?" Nikawaambia yote, kama ninavyowaambia nyinyi sasa. Mzee mmoja muuza nyama, ambaye ametoa tangu siku ya kwanza, akauliza polepole, "Yaani kile nilichotoa nikidhani kimemfikia yatima, hakikumfikia?" Nikamwambia hakikumfikia. Akainuka akatoka nje. Alikuwa na haki.

Sikufukuzwa. Labda kufukuzwa kungekuwa rahisi zaidi. Niliondolewa kwenye daftari, na nikaambiwa kazi yangu sasa ni msichana yule mpaka apate haki yake. Wakili mmoja wa hapa, ambaye mchango wake kwa wakfu ni muda wake, alitusaidia kuandika maelezo. Nililazimika kusema kwa mdomo wangu, nikatia sahihi, kwa nini mama yake aliondoka. Lakini kabla ya hapo ilibidi niende kwa mama mwenyewe.

Nilimkuta nje ya duka dogo analouza chumvi na sabuni, bado yuko Dagahaley. Alikuwa amezeeka kunizidi. Nililia, nikamweleza.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulisoma ukanitazama, halafu ukageuza macho."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Karatasi ilikuwa mkononi mwako."

Nikamwomba anisamehe. Akapanga sabuni zake. Mwishowe akasema, "Maliza jambo la binti yangu kwanza."

Tulikwenda ofisi baada ya ofisi, tukarudishwa, tukasubiri, barua ikapotea tukaandika nyingine. Nafasi ile ya uuguzi ilimpita. Mwaka mzima wa maisha yake uliliwa na jina nililoliruka. Alhamdulillahi, kitambulisho kimetoka. Chuo kimemchukua mwaka huu, na wakfu unamsomesha.

Nawashukuru nyinyi wa wakfu, mlinitia aibu bila kunitupa. Namshukuru wakili, na yule mzee wa nyama, ambaye alirudi kwenye kikao cha pili akasema ataendelea kutoa, ila orodha isomwe. Tangu siku hiyo orodha inaandikwa na watu watatu wa familia tofauti, inasomwa msikitini, shuleni na kisimani kabla lori halijaondoka Garissa, na kila mtu anaulizwa nani hayumo.

Nyinyi mnaotoa, msione haya kuuliza swali hilo. Hamumwoni anayepokea, mnamwona kupitia kalamu ya mtu kama mimi, na mtu kama mimi ana chuki zake. Na wewe uliyeshika kalamu mahali, kama kuna jina linakuchoma, liandike leo.

Mama yake hajaniambia amenisamehe, na simlazimishi. Bado kuna yule binti mdogo. Naye vidole vyake viko kule, na mwakani anafikisha umri wa kitambulisho. Mama yake amekubali niende naye. Jumatatu tunaanza ofisi ya kwanza, na nitasema tena nilichofanya, mbele ya afisa mwingine, mpaka wanielewe. Niombeeni.