Ziara ya Kipyego Niliyokwenda Mimi

Mheshimiwa Makamu wa Chansela, waheshimiwa wahadhiri, ndugu viongozi wa makanisa na wa kata yetu ya Kiplombe, wazazi mlioacha ng'ombe wenu kwa jirani ili mfike hapa, na ninyi vijana mliokuja leo kukitazama chuo hiki kabla ya kuamua kama mtakipenda: hamjambo nyote. Na wewe Mzee Kipyego, mkulima wa kijiji cha Ziwa, rafiki yangu uliyeketi safu ya tatu ukidhani umekuja tu kumsindikiza mjukuu wako Jemutai, hujambo wewe peke yako.

Daktari wangu amenikataza chumvi, ngazi na hotuba. Chumvi nimeacha. Anasema moyo wangu hautafika Krismasi, na mimi nimemwambia kwamba kuna jambo ambalo moyo huo umelibeba miaka sabini na moja, pengine ndilo lililouchosha.

Katika karatasi mliyogawiwa imeandikwa kwamba mimi, Nicanor Wepukhulu, mkaguzi mstaafu wa shule, ndiye mwanafunzi wa kwanza wa shule yetu ya misheni kualikwa kutembelea chuo kikuu, mwaka wa 1954, na kwamba kwa sababu hiyo ukumbi huu utaitwa kwa jina langu. Ubao uko pale mlangoni, umefunikwa kitambaa. Walioandika karatasi hawakusema uongo. Walinisikiliza mimi, na mwongo ni mimi.

Baba yangu alikuwa karani wa stesheni ya reli, mtu wa Bungoma, katika mji huu wa Eldoret, ambao wazee wakati ule waliuita Sisibo. Baba yake Kipyego alikuwa kibarua katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Ziwa. Darasani tulishindana vikali: muhula mmoja yeye alikuwa wa kwanza na mimi wa pili, na muhula uliofuata mimi nilikuwa wa pili na yeye wa kwanza. Basi chuo kimoja kule Uganda kikaandika barua kwamba shule yetu itume kijana mmoja, akae siku tatu, aone madarasa na mabweni, azungumze na Mkuu wa chuo, na akipendeza nafasi iwe yake mwaka unaofuata. Je, mnadhani Mwalimu Mkuu alihitaji kufikiri? Alimtaja Kipyego kabla hajaikunja barua.

Siku nne kabla ya safari, Kipyego akapata matubwitubwi. Uso ulimvimba kama boga. Mwalimu Mkuu akaniita: "Nicanor, utakwenda wewe. Mpe Mkuu wa chuo barua hii ya Kipyego, umwombe amngoje wiki mbili." Na mama yake Kipyego, Mama Rael, akatembea tangu alfajiri kutoka Ziwa hadi stesheni, akanipa kibuyu chenye shanga shingoni, kimejaa mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa. "Mpe yule mkubwa," akasema. "Mwambie imetoka kwa mama ya Kipyego. Akikunywa hii, atamkumbuka kijana yangu."

Vijana, leo mtatembezwa, nanyi mtajifanya hamshangai. Mimi nilishangaa. Niliona nyasi zimekatwa vizuri, na hakuna ng'ombe hata mmoja anayezila, nikadhani wamekufa kwa ugonjwa. Niliona bweni ambalo kila mtu ana kitanda chake na taa yake. Niliona vitabu vingi kuliko watu niliowahi kuwaona kanisani siku ya Pasaka. Nikashika barua mfukoni, nikajiuliza: hivi mtu akionyeshwa haya, ni lazima aseme ni ya mwenzake?

Mkuu wa chuo, Mzungu mrefu mwenye mafua, akauliza, "Wewe ndiye kijana wa Eldoret?" Nikajibu ndiyo, na hapo sikudanganya. Akaonyesha kibuyu. "Na hii?" Nikasema, "Zawadi, Bwana. Ametengeneza mama yangu."

Mama yangu Nanyama, Mungu amrehemu, alijua kupika kila mboga ya Wabukusu, Waluhya wa kwetu Bungoma, lakini mursik aliiona kwa majirani tu. Mimi nilijua kuinywa, sikujua kuimimina. Nikafungua kibuyu, nikainamisha, na kwenye glasi ya Mkuu yakatoka maji. Maji ya kijivu, yenye chembe za mkaa zinazoogelea. Mkuu akaitazama glasi, akanitazama mimi. Mlangoni mpishi wake akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Wewe kijana! Hii hutikiswa kwanza!" Akaninyang'anya kibuyu, nikamfuata mpaka jikoni. Alikuwa Mnandi kama kina Kipyego, askari wa zamani.

"Wewe ni Mluhya," akasema. "Hii kibuyu ya mama Mnandi umetoa wapi?"

"Mzee, tafadhali, sema polepole."

"Umeiba?"

"Nimetumwa."

"Na aliyekutuma, mbona jina lake hutaki kutaja?"

Akanitazama sana. "Haya," akasema, "Mzungu glasi moja. Inayobaki yangu. Na mimi sijaona kitu." Akatikisa kibuyu, akajaza glasi moja, iliyobaki akaimaliza amesimama, akafuta mdomo, halafu akafuta macho. Alikuwa hajafika kwao miaka sita.

Mkuu alikunywa, akakunja uso, akauliza zile chembe nyeusi ni nini. Nikamwambia ni mkaa, unasaidia kufikiri. Akacheka mpaka akapiga chafya, akaandika jina langu kwenye daftari lake. Barua ya Kipyego niliichana treni ilipoacha Tororo, nikatupa vipande dirishani.

Nilimkuta Kipyego bado amevimba. Nikamwambia, "Wamesema hawawezi kungoja." Akatabasamu upande mmoja, upande uliokubali. "Basi heri wewe," akasema, "kuliko mtu wa shule nyingine."

Mimi nikasoma. Yeye akarudi kulima. Alitoa ekari mbili za shamba lake ikajengwa shule ya msingi, nami nikaenda kuikagua nikiwa na tai shingoni, nikamwandikia kwamba madirisha ni madogo! Mwanawe wa pili akamwita Nicanor, ili mtoto apate akili zangu. Je, mnajua ni adhabu gani kualikwa kwenye ubatizo huo na kula nyama ya karamu yake?

Mzee Kipyego ameinua fimbo. Sijui ni ya kunipiga au ya kuomba nafasi. Sema, Mzee. Anasema nini? ... Anasema mama yake alikufa akiulizia kibuyu chake. Mzee, kilibaki kwa yule mpishi. Niliogopa kukirudisha, kisije kikasema.

Ndugu zangu, Kipyego ni mtu mpole, na mtu mpole akiombwa msamaha mbele ya watu hana njia ya kukataa. Kwa hiyo hapa siombi. Kesho, baada ya ibada, mwanangu atanileta Ziwa, nami nitaketi nje ya lango lako, Mzee. Ukisema niingie, nitaingia. Ukisema nirudi nilikotoka, nitarudi, na wala sitasema umenionea.

Mheshimiwa Makamu wa Chansela, nakuomba kitambaa kisiondolewe leo. Na jambo moja zaidi. Ziara ya wageni inaanza sasa, na mwalikwa wa kwanza amechelewa kwa miaka sabini na moja kwa sababu barua yake haikufika. Jemutai, mshike babu yako mkono. Aanze na maktaba, kisha darasa kubwa, na humo aketi kiti cha mbele. Mtu asimharakishe. Maswali yake yote yajibiwe.

Anasimama. Hanitazami, na ana haki. Anamuuliza mjukuu wake mlango ni upi. Vijana, mpisheni, kisha mfuateni. Nami nawashukuru ninyi nyote, kwa kunivumilia na kwa kunisikiliza.