Justine Mihayo, Aliyepunguza Hatua Elfu Zikawa Kumi

Padre, wazee wetu na ndugu waombolezaji, mimi ni Peter Mihayo, kaka yake Justine, familia imenituma niwasomee maisha yake, na nitayasoma yote, hata yale yanayonihusu vibaya.

Justine alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Ubaruku, Mbarali, mtoto wa tano wa Mzee Mihayo na Mama Minza, waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alisoma shule ya msingi hapo Ubaruku, akaendelea na sekondari Iyunga kuanzia mwaka 2003, kisha akaenda Iringa, ambako alihitimu shahada ya kompyuta mwaka 2012.

Tarehe 4 Februari 2013 aliajiriwa Iringa na ofisi inayotengeneza programu za zahanati. Tarehe 17 Septemba 2016 alifunga ndoa na Verediana, binti wa Nyololo, wakajaliwa watoto wawili, Danieli aliyezaliwa 2017 na Yunisi aliyezaliwa 2020.

Agosti 2023 figo zake zilishindwa, na Januari 2024 alihamia Uyole ili awe karibu na hospitali, akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nilimkuta kwenye mashine ana kompyuta mapajani, nikamgombeza apumzike, akaniambia, "Kaka, hapa nakaa masaa manne, unataka nihesabu mabati?"

Kazi yenyewe nimeelezwa na mwenzake Anjela, kwamba ofisi hutumia programu ya kutunza kila badiliko wanaloandika, ya bure, inayotengenezwa na watu wa nchi nyingi, na ilipoambiwa iunganishe seti elfu moja za mabadiliko, iliunganisha mbili, ikaweka jibu ndani ya muungano mwingine, na huo ndani ya mwingine, hata kuusoma ikabidi ishuke hatua elfu moja, ikaanguka kabla haijafika chini. Kila ilipoanguka, Anjela aliunganisha kidogo kidogo kwa mikono, siku nzima, na zahanati zikisubiri. Justine aliirekebisha programu izigawe seti nusu kwa nusu, kila nusu igawanywe tena, hatua elfu zikawa kumi. Aliwatumia wenye programu kazi hiyo, wakamrudishia mara mbili, akarekebisha, wakaipokea tarehe 22 Aprili 2025.

Mwezi huohuo wa Aprili ndio tuliopangiwa upasuaji, kwa sababu nilipimwa Januari na figo yangu ikamfaa. Nilimwomba tusubiri nivune mpunga. Alisema, "Sawa kaka, vuna." Hakunilaumu, nami nilijua kwamba sikuwa nasubiri mpunga, nilikuwa naogopa kisu. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Uyole waliompikia Verediana, wenzake wa ofisini waliokuja kutoka Iringa, na wale wa nchi za mbali waliotuma rambirambi kwa mtu ambaye hawakuwahi kumwona, wakiandika kwamba hawakujua alikuwa mgonjwa.

Justine, mdogo wangu, sikukuambia ukiwa hai, nakuambia mbele ya wanao, niliogopa. Pumzika kwa amani.